Lami Husafishwa Usiku: Mizoga ya Wanyamapori kwenye Barabara za Dodoma

Digidigi alikuwa amelala ubavu juu ya mstari mweupe wa pembeni, miguu imenyooka kama ya kigoda kilichopinduliwa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, tumeshaipita Haneti, tunaitafuta Kondoa. Jeraha halikuonekana, ila damu kidogo puani, na lile jicho lake kubwa lilikuwa halijafifia bado. Dereva alipunguza mwendo. Mzoga hakuutazama sana. Macho yake yalikuwa kwenye vichaka vya upande wa pili.

"Huyu ana mwenzake," akasema. "Digidigi hatembei peke yake, ndugu yangu. Ukimgonga wa kwanza, ujue wa pili yuko nyuma anakuja."

Saa saba mchana tulikuwa tunarudi, nikamwomba apunguze tena palepale. Palikuwa na doa la rangi ya kahawa lenye upana wa sinia, manyoya machache ya kijivu yaliyonata kwenye kokoto, na kunguru mmoja akizungukazunguka kama aliyeangusha sarafu. Mnyama wa kilo tano alikuwa ametoweka ndani ya saa saba, na hakuna aliyetumwa kuja kumwondoa.

Ukimuuliza mtu anayesafiri mara kwa mara kati ya Dodoma na Babati, au Dodoma na Iringa, kama wanyama wanagongwa sana, wengi watakujibu kwamba si sana, mbona barabara safi? Kweli, barabara ni safi. Lakini usafi huo una wenyewe wanaoufanya, na wengi wao wanafia kazini. Nimejaribu kulifuatilia jambo hili kwa muda, na kadiri ninavyolifuatilia ndivyo ninavyoona kwamba mzoga barabarani ni mwanzo wa ajali ya pili kuliko ulivyo mwisho wa ile ya kwanza.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayodanganya. Anayetaka kujua wanyama wangapi hufa kwenye barabara fulani hupita asubuhi kwa gari, mwendo wa taratibu, akihesabu. Tatizo ni kwamba anachohesabu ni mabaki ya mezani. Utafiti uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2011 ulifuatilia mizoga kila siku kuona inadumu muda gani, ikaonekana mingi ya wanyama wadogo haipiti siku moja. Mijusi, vyura na ndege wadogo hupotea haraka zaidi; wengine husagwa na matairi mpaka wanakuwa sehemu ya lami. Halafu kuna wale waliogongwa wakakimbia, wakafia vichakani mita hamsini kutoka barabarani, ambao hakuna daftari litakalowapata. Kwa hiyo ukiona digidigi mmoja alfajiri, umewahi karamu kabla haijaisha. Usidhani ndiye pekee wa wiki hiyo.

Hapa niseme neno kuhusu majina, kwa sababu habari nyingi za mizoga ya barabarani tunazozisoma zinatoka Marekani na zinamhusu mnyama ambaye sisi hatuna, yule anayeitwa "deer" kwa Kiingereza. Watafsiri humwita kulungu, wengine paa. Kulungu wetu ni jamii ya swala, mwenye pembe zisizoanguka maisha yake yote. Yule wa Marekani pembe zake huanguka kila mwaka na kuota upya, na barani Afrika jamaa zake wa asili wako kaskazini kabisa tu, Algeria na Tunisia. Huko Marekani magari hugongana nao zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka. Kilele ni Oktoba na Novemba, madume wanapofukuzana na majike bila kutazama kushoto wala kulia. Majira ya kuchipua yanapofika, theluji huyeyuka na kufichua mizoga iliyolala chini yake tangu baridi. Chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu bado iko pembezoni mwa barabara na wanyama huja kuilamba. Na wale waliozaliwa mwaka uliotangulia hufukuzwa na mama zao wanaojiandaa kuzaa tena, wakaanza kutangatanga kwenye maeneo wasiyoyajua. Wakati huohuo tumbusi wa kule wanarudi kutoka kusini. Hao wananusa mzoga hata ukiwa chini ya miti, jambo ambalo tumbusi wetu hawaliwezi.

Sisi hatuna theluji. Lakini tuna kuchipua, tena kwa ghafla kuliko kwao.

Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, milimita kama 570 kwa mwaka mzima, na baada ya hapo ni vumbi. Mwezi Novemba nchi nzima ina rangi ya gunia. Ikinyesha mvua ya kwanza, mahali pa kwanza kuwa kijani ni pembezoni mwa barabara, na sababu yake ni rahisi. Lami hainywi maji. Kila tone linaloangukia barabara yenye upana wa mita saba au zaidi hutiririkia kwenye bega lake, kwa hiyo ule mkanda mwembamba wa udongo hupata maji yake na ya jirani. Mvua ambayo porini haitoshi kuotesha kitu, pale inatosha. Mnyama aliyeguguna majani makavu miezi sita ataacha kuja? Digidigi, sungura, ngiri na mbuzi wa watu wote wanajipanga hapo. Na sisi tunapokata nyasi za pembeni ili dereva aone mbali, jambo la busara kabisa, shina lililokatwa huchipua majani machanga matamu kuliko yale tuliyoyaondoa.

Usiku wa mvua hizo hizo kumbikumbi wanapaa. Wanaanguka kwenye lami kwa maelfu, na nyuma yao wanakuja vyura, nguchiro, na wale ndege wa usiku wanaolala katikati ya barabara huku macho yao yakiwaka mekundu kwenye taa. Upande wa Bahi, palipo na bwawa la matope linalojaa na kukauka, usiku mmoja wa Januari unaweza kusikia vyura wakipasuka chini ya matairi. Samahani kwa anayekula.

Baadaye, kuanzia Mei hivi, chambo hubadilika. Ni msimu wa mavuno, malori yanabeba mahindi, mtama na alizeti kuelekea soko la nafaka la Kibaigwa au kutoka Singida kwenda mashariki. Gunia likiwa na tundu, linaandika mstari wa punje kilometa nzima. Alfajiri kwale, njiwa na kanga (ndege, si vazi) wako barabarani wanadonoa. Usiku ni zamu ya panya. Panya wanamwita bundi, ambaye huruka chini, usawa wa kioo cha mbele, macho yote kwa panya. Wanamwita kanu pia, na kanu ana miguu mifupi na haraka kubwa. Punje ya alizeti iliyodondoka inaweza kumuua ndege ambaye hali alizeti kabisa, na ndiyo maana napata shida mtu anaposema mnyama "alijipeleka mwenyewe".

Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi ya kutetemesha, lami huhifadhi joto la mchana hadi saa tatu, saa nne. Nyoka wanalijua hilo. Kifutu, ambaye kwa kawaida hana haraka na mtu, hujinyoosha pale kuota joto kama babu aliyeketi kando ya jiko. Kiangazi kikikaza zaidi, maji hubaki sehemu chache, mabwawa ya Mtera na Hombolo, na visima vya mifugo, na safari za usiku za kwenda kunywa hukatiza barabara mara mbili, kwenda na kurudi.

Kwa hiyo kwetu hakuna "mwezi wa ajali" mmoja. Kila msimu una mnyama wake.

Kilichobadilika ni mwendo. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018, na ile ya Iringa hadi Dodoma mwezi huohuo. Anayekumbuka safari ya Kondoa enzi za vumbi anajua basi lilitembea mwendo wa baiskeli. Digidigi alikuwa na muda wa kukutazama, kufikiri, na kuondoka. Kisha mwaka 2023 serikali ikaondoa zuio la mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Kwa msafiri ni nafuu kubwa, na mimi mwenyewe hupanda. Kwa mnyama anayetembea usiku, zile saa zilizokuwa za malori machache sasa zina wageni wapya.

Tufanye hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo kwa mabasi na malori, hula mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, asiyesinzia, hutumia kama sekunde moja na nusu kuona kitu, kukitambua na kukanyaga breki. Mita 33 zimekwenda kabla gari halijaanza kupungua. Gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu litahitaji mita 40 nyingine ili kusimama; lori lililoshiba mzigo litahitaji zaidi. Jumla ni sabini na kitu. Taa ndogo zinaangaza mita hamsini hadi sitini. Kwa maneno mengine, ukiwa na taa ndogo kwenye mwendo huo, mnyama unayemwona mbele yako umeshamgonga, bado kufika tu. Shusha mwendo hadi 50 na jumla inakuwa chini ya mita 40, na hapo mnaachana salama. Ndiyo sababu kwenye kipande cha kama kilometa 50 cha barabara ya Morogoro kwenda Iringa kinachopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mwendo umewekwa 70 mchana na 50 usiku, pamoja na matuta yanayowaudhi watu wote.

Taa kubwa nazo si dawa kamili. Macho ya wanyama wa usiku yana utando nyuma unaorudisha mwanga, ndio unaoyafanya yawake. Jicho lililoundwa kuona kwa mwanga wa nyota likimwagiwa fulu ya basi linapofuka. Sungura hukimbia ndani ya mstari wa mwanga asijue kutoka. Digidigi huruka mshazari, kulia, kushoto, namna inayomsaidia kumkwepa bweha na isiyomsaidia kitu mbele ya tairi. Na dereva yule alisema kweli kuhusu mwenzake: digidigi huishi wawili wawili, dume na jike, kwenye eneo lao wanalolitia alama kwa marundo ya kinyesi na kwa utomvu mweusi wa tezi zilizo chini ya macho. Mmoja akivuka, mwingine hufuata.

Sasa mnyama amekufa. Nani anakuja?

Inategemea saa. Alfajiri wa kwanza ni kunguru, wale weusi wenye fulana nyeupe, kwa sababu wanaruka kwa kupiga mabawa na hawamsubiri mtu. Wengine wamejifunza kabisa kukagua barabara kama mtu anayekagua nyavu zake. Kunguru hana mdomo wa kupasua ngozi ya ngiri, hivyo huanza na palipo laini: jicho, ulimi, sehemu za nyuma. Akipata kanga au panya aliyepasuliwa na gari, kazi imekwisha. Baada yake huja mwewe, ambaye hujua kunyakua kipande na kupaa nacho bila kutua, na pungu, yule tai mweusi mwenye uso mwekundu na mkia mfupi, anayeruka chini chini akichungulia kila kona.

Tumbusi wanachelewa, na si kwa uvivu. Tumbusi mgongo-mweupe ana kilo nne hadi saba na mabawa yenye upana wa zaidi ya mita mbili. Akipiga mabawa kama kunguru angekufa njaa kwa uchovu. Anangoja ardhi ipate moto, hewa ya joto ianze kupanda, saa tatu au saa nne asubuhi, ndipo hujitandaza juu yake na kupandishwa bila kutumia nguvu. Huko juu hanusi kitu. Anatazama. Anawatazama kunguru, anamtazama pungu, na zaidi ya yote anawatazama tumbusi wenzake walioenea angani kilometa kadhaa kutoka kwake. Mmoja akishuka, wa jirani anaona, na wa jirani yake pia, mpaka anga lote linamiminikia sehemu moja. Wanapanda juu kweli. Mwaka 1973 tumbusi wa jamii ya karibu na huyu aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, mita zaidi ya 11,000 kutoka ardhini. Hata kule kuna barabara.

Usiku zamu ni ya miguu minne: bweha, fungo, nyegere, na mwenye kazi yake, fisi madoa. Kinachowashinda wote, yeye anakitafuna. Taya zake huvunja mifupa minene, tumbo lake humeng'enya na kuacha kinyesi cheupe kama chokaa, ambacho watoto wa vijijini tulikitumia kuandika. Ukipita asubuhi usione hata fupa, ujue alipita.

Lakini turudi kwa tumbusi aliyeshuka mchana. Amekula nusu kilo, kilo nzima, kifuko cha shingoni kimevimba. Lori linakuja. Kunguru anatembea hatua tatu pembeni, anasubiri lipite, anarudi. Nimewaona wakifanya hivyo bila hata kufungua mabawa. Tumbusi hawezi. Anahitaji kukimbia, kuruka mara mbili tatu, kupiga mabawa mazito, na njia iliyo wazi zaidi ya kukimbilia ni lami yenyewe. Kwa hiyo anapaa kuelekea urefu wa barabara, chini, mbele ya rejeta. Siku moja karibu na Mtera nilikuta kosta imesimama, kioo cha mbele kimeingia ndani kama bakuli, abiria wamekaa kivulini, na kwenye bega la barabara mabawa mawili yamefunguka, upana wake ukizidi urefu wangu. Kwa bahati hakuna aliyeumia zaidi ya mikwaruzo. Mita chache nyuma kulikuwa na kilichomwita pale, mbwa wa kijijini aliyegongwa jana yake.

Fisi naye. Wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi, alipotaka kuzifuata zote akapasuka msamba. Siku hizi njia moja tu inamtosha, mradi iwe ya lami. Akikuta mzoga katikati ya barabara hauburuti mbali. Anainama palepale, mgongo kwa magari.

Kwa nini tumbusi anastahili kuhuzunikiwa kuliko kunguru? Kwa sababu hazalishi haraka. Hutaga yai moja kwa msimu, na haanzi kutaga hadi afikishe miaka kama mitano. Tangu 2015 tumbusi mgongo-mweupe amewekwa kwenye daraja la spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka duniani, hatua moja kabla ya kwisha porini. Barabara si muuaji wake mkuu. Huyo ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe humwaga dawa ya wadudu kwenye mzoga akimlenga simba au fisi, na wanaokufa zaidi ni ndege. Februari 2018, jirani na Hifadhi ya Ruaha, simba sita walikutwa wamekufa kwa sumu pamoja na tumbusi zaidi ya 70. Kwa idadi inayopungua namna hiyo, kila mmoja anayebandikwa kwenye rejeta ana uzito wake.

Na kazi yake haina mwingine wa kuifanya vilevile. Tindikali ya tumbo lake ni kali kiasi cha kuua vimelea vingi vya magonjwa. India walilijifunza hilo kwa gharama. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wao walipungua kwa zaidi ya asilimia 95, kwa sababu mizoga ya ng'ombe ilikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu inayoharibu figo za ndege hao. Mizoga ikabaki, mbwa wakazaana, na mbwa wakizaana kichaa cha mbwa hakiko mbali. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Nimemwacha mlamizoga mmoja makusudi. Ni sisi.

Digidigi yule wa Haneti huenda hakuliwa na ndege kabisa. Huenda alipita mwenye bodaboda, akasimama, akatazama huku na huku, akamtia kwenye mfuko wa rambo. Ninamwelewa, nyama bado ina joto, haijaoza, na hakuua yeye. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimwelewi hivyo. Mnyamapori ni mali ya serikali akiwa hai na akiwa mfu, na aliyekufa kwa ajali ni nyara ya serikali kama alivyo aliyewindwa. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali kunaweza kukupeleka jela miaka 20 hadi 30, na rufaa za watu waliofungwa miaka 20 kwa nyama ya nyumbu zimefika hadi Mahakama ya Rufani. Polisi akikukuta na paja la tandala kwenye buti, ile hadithi ya "nimemkuta amegongwa" utaisimulia ukiwa upande usioupenda. Anayetamani nyamapori kwa halali, tangu 2020 kuna kanuni za bucha zenye leseni.

Wengine huniambia mbona Marekani wanaruhusiwa. Ni kweli, baadhi ya majimbo yanaruhusu. Oregon, kwa mfano, tangu 2019 mtu anaweza kuchukua mnyama aliyegongwa, lakini lazima aombe kibali na apeleke kichwa na pembe ofisi ya wanyamapori, ili kichwa kipimwe ugonjwa na pembe zisigeuzwe biashara. Sababu ya kutubana sisi inafanana: ukiruhusu mtu achukue anachokikuta kimekufa, kesho vitakufa vingi kwa "ajali".

Halafu kuna ugonjwa. Si kila kilicholala kando ya lami kimegongwa. Mzoga uliovimba haraka, unaotoa damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, bila mfupa uliovunjika, unaweza kuwa wa kimeta. Huo hauguswi, haupasuliwi, haukokotwi. Anaitwa daktari wa mifugo. Mkoa huu unajua damu ya mnyama inaweza kufanya nini: katika mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa 2007 watu zaidi ya 140 walikufa nchini, na Dodoma ilikuwa kati ya mikoa iliyoumia zaidi. Ule ulikuja kwa mifugo na mbu, si kwa digidigi wa barabarani, lakini wengi waliupata kwa kuchinja na kuchuna kwa mikono mitupu, na kisu hakijui tofauti.

Tufanye nini basi na mzoga ulio katikati ya njia? Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu sheria inasema usichukue na usalama unasema uondoke pale. Havipingani. Kuusogeza pembeni na kutoa taarifa kwa polisi, mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori ni jambo moja. Kuupakia ni jingine. Na pembeni maana yake si kwenye bega la barabara. Tumbusi anahitaji uwanja wa kukimbilia usiokuwa lami, kwa hiyo uvuke mtaro, uende hatua thelathini hivi porini. Mnyama mkubwa, kama twiga au pofu (yule wa jamii ya swala), muachie mwenye mamlaka, weka alama na upige simu.

Kuhusu hatua kubwa, Kenya tangu 2011 tembo hupita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru kwenye njia waliyojengewa. Kwetu hapa wanyama wadogo wameshajipatia njia zao bila kuomba bajeti. Chungulia makalavati wakati wa kiangazi, kwenye mchanga laini utaona nyayo za nungunungu, nguchiro na kanu. Kalavati lisilozibwa na takataka ni daraja tosha kwa nusu ya wakazi wa kichaka. Kwa tandala halitoshi, na kwa huyo sina jibu la rahisi zaidi ya mwendo wa dereva.

Kilometa chache mbele ya Kelema, kwenye safari nyingine na dereva yuleyule, tulimkuta bweha katikati ya njia. Unyoya wa kanga, mweusi wenye madoa meupe, ulikuwa umenata mdomoni mwake. Dereva alisimamisha gari mbali, akakata matawi mawili ya kichaka, moja akalilaza barabarani nyuma yetu kama alama, la pili akalitumia kumsukuma bweha taratibu mpaka ng'ambo ya mtaro, kisha mbele zaidi. Kunguru wawili walikuwa wameshafika. Walimfuata kwa miguu, hatua chache nyuma yake, wakimngoja amalize.